Mabunge jirani na lile la Arusha

Arusha, Jumapili

Kiprono ndugu yangu,

Salamu nyingi. Uliniuliza wabunge wa Afrika Mashariki wanatusaidia nini, nikanyamaza kwa sababu nilijua nikianza sitakuwa na breki.

Acha kuwaita "wabunge wenu wa Arusha". Kila nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ina tisa, na wanaowachagua ni wabunge wa nchi husika. Kwa hiyo nchi moja ikichelewa, wote tunasubiri. Mwaka 2017 kwenu Kenya mlikuwa na uchaguzi na marudio yake, Bunge la nne la Afrika Mashariki likaja kuapishwa Desemba.

Halafu kuna akidi, yaani idadi ya wabunge wanaotakiwa ili kikao kifanyike. Haitoshi nusu ya wabunge wawepo. Lazima kila nchi iwe na angalau theluthi ya watu wake ukumbini, yaani watatu. Saba wa nchi moja wakisusia, kikao kimekwama, hata wengine wakijaa pomoni. Wapo wanaoiona kanuni hii kero. Mimi naipenda, maana inawalazimisha wakubwa kuwabembeleza wadogo.

Panapovuja ni kwenye makaratasi. Ibara ya 65 ya Mkataba wa Jumuiya inamtaka katibu wa Bunge la Afrika Mashariki apeleke kumbukumbu za mijadala kwenye mabunge ya nchi, ziwekwe mezani, na wao walete za kwao. Sasa, kuwekwa mezani ni jambo moja, kusomwa ni jingine! Chukua sheria ya uzito wa magari ya 2016, yenye kikomo cha tani 56. Mswada ulipita, wakuu wa nchi wakaridhia (mmoja wao akikataa, mswada unarudi Bungeni; ukipelekwa tena akakataa, umekufa). Lakini dereva wa lori haioni sheria mpaka mizani ya nchini kwake ianze kuifuata, na hapo anahitajika mbunge wa nyumbani wa kumbana waziri: kanuni zetu mbona bado za zamani? Asiyesoma kumbukumbu za Arusha atauliza nini?

Ile michezo ya mabunge ya kila mwaka nayo watu wanaicheka, eti waheshimiwa wanavuta kamba kwa kodi zetu. Gharama zihojiwe, sikatai. Ila mbunge wa Kampala aliyevutana kamba na wa Dodoma anayo namba yake ya simu, na siku kukitokea shida mpakani hataanzia kwenye barua ya wizara.

Mbunge wako mmesoma pamoja. Ukikutana naye, mwulize ni lini mara ya mwisho walijadili taarifa yoyote kutoka huku, halafu uniandikie alivyojibu. Wasalimie mama na watoto.

Wako,
Hamisi