Barua kwa mwanangu anayekwenda kusimamia sadaka za watu

Mwanangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imefika, na habari ya kwamba umeajiriwa kusimamia fungu la sadaka na zaka katika taasisi hiyo tumeipokea kwa kumshukuru Mola. Baba yako alikwisha kuitangaza msikitini hata kabla sijamaliza kuisoma. Nami nimefurahi, usinielewe vibaya kwa haya yatakayofuata. Lakini kabla hujapanda basi kuna jambo limenikaa rohoni tangu uliponitumia ile video ya kugawa futari, mlipomsimamisha bibi wa watu mbele ya kamera, mfuko wa mchele miguuni pake, akatakiwa ashukuru na kuwataja wafadhili kwa majina. Uliniandikia chini yake kwamba watazamaji wamekuwa wengi. Mimi niliyaangalia macho ya yule bibi, nikaifunga simu.

Uliniomba, kwa kuwa nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, nikueleze Waislamu wa zama za kale walivyowatunza maskini wao, upate la kusema katika kikao chako cha kwanza. Nitakueleza, ila nitaanzia upande unaonihangaisha mimi, nao ni uso wa anayepokea.

Chukua maristani ya Sultani Qalawun mjini Kairo, hospitali iliyojengwa mwaka 1284 na 1285. Iliendeshwa kwa wakfu, yaani kodi za maduka, hamamu na majengo ya kupangisha zilitengwa kwa ajili yake, mali yenyewe ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, kwa kanuni ileile ambayo Sayyidna Umar aliifuata katika shamba lake la Khaybar kwa shauri la Mtume. Kodi hizo zililipa matabibu, dawa, chakula, na sanda ya aliyefariki bila jamaa. Hati yake inataja tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, mungwana na mtumwa, kwamba wote wapokelewe. Hayo utayasoma popote, na wenye kuhutubia huishia hapo. Mimi huyapenda mambo madogo ya hati ileile: kwamba kila mgonjwa apelekewe chakula katika bakuli lake peke yake, asichangie na mwingine, na bakuli lifike limefunikwa, na kwamba wakati wa joto wagonjwa wanunuliwe vipepeo vya ukindu vya kujipepea. Huyu ni mtawala aliyewashinda Wamongolia pale Homs mwaka 1281, na bado hati yake, iliyoandikwa kisheria na kushuhudiwa, iliona inafaa kutaja kifuniko cha bakuli. Sijui kama taasisi yako ina kanuni yoyote inayoshuka chini kiasi hicho. Kama haina, anzia hapo.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko aliyeandika habari za safari zake, alifika Damascus mwaka 1326 akakuta wakfu za kila namna: za kuwalipia wasioweza kwenda Hija, za kuwaandalia mabinti wa wasio na uwezo vitu vya arusi, za kuwakomboa mateka, za kuwalisha na kuwavika wasafiri, hata za kutengeneza njia. Siku moja alipita katika kichochoro akamwona mtumwa mdogo ameangusha sahani ya Kichina na imevunjika. Watu wakamkusanyikia, na mmoja akamwambia aokote vipande avipeleke kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo, kisha akafuatana naye. Mtoto alionyesha vipande, akapewa fedha za kununua sahani nyingine kama ile. Ibn Battuta anasema bwana wake hangekosa kumpiga au kumkemea, na kwamba wakfu ule ulikuwa wa kutibu mioyo. Angalia, mwanangu, ushahidi uliotakiwa ulikuwa nini. Vipande vilitosha. Katika habari nzima hakuna mahali mtoto yule anapotakiwa kulia mbele ya watu ndipo aaminiwe.

Sasa nikurudishe kwetu pwani, maana najua kikaoni utapenda kumtaja Sultani wa Kilwa, Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 na ambaye watu walimwita Abul-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa wingi wa alivyokuwa akitoa. Mtaje, lakini imalize habari yake. Ijumaa moja, akitoka kuswali, fakiri mmoja kutoka Yemeni alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akasema atampa. Fakiri akasema, sasa hivi. Sultani akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita fakiri azichukue zile. Watu wakamsifu sana. Mwanawe mrithi akazikomboa nguo kwa fakiri kwa kumpa watumwa kumi, na sultani aliposikia jinsi watu walivyokuwa wakishukuru kitendo kile, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Mimi siwezi kuisoma habari hii bila kuwafikiria hao ishirini, waliotolewa sadaka na wao ndio waliokuwa na haja kuliko huyo fakiri. Na ona kilichoiongeza zawadi: ni sifa za watu. Je, hapo hakuna kamera?

Sultani huyo alipofariki, ndugu yake Daudi alishika utawala, naye akawa kinyume chake. Akijiwa na mwombaji alikuwa akisema kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi wakiambulia kidogo tu, mpaka wakaacha kumwendea. Ukarimu wa mkono wa mtu mmoja huzikwa naye, na ndiyo maana wenye busara walifunga mali zao kwa hati, ili maskini asilazimike kuchungulia kama leo bwana ameamka na furaha.

Wala si Waislamu peke yao walioliona hili. Mayahudi wa Fustat, mji wa kale ulio sasa ndani ya Kairo, waliokuwa wakiishi chini ya watawala Waislamu, waliacha katika hazina ya sinagogi lao maelfu ya karatasi, na miongoni mwake zimo orodha za waliogawiwa mikate Jumanne na Ijumaa, na barua za watu waliokuwa nacho wakafilisika, wanaoeleza aibu ya kufunua nyuso zao kwa mara ya kwanza. Najua utanijibu kwamba bila kumbukumbu fedha hupotea na wafadhili hudai uthibitisho. Ni kweli, na mimi ndiye niliyekufundisha kuweka daftari. Lakini orodha za Fustat zilikuwa daftari: mjane wa fulani, kipofu fulani, mikate mingapi. Ziliwekwa kwa wenye kazi ya kuhesabu. Daftari lako mpe mkaguzi, na uso wa mtu mwachie mwenyewe.

Sikuelezi haya ili udhani watu wa kale walikuwa malaika. Maamiri wengi wa Kairo walifunga wakfu ili mali zao zisinyang'anywe na sultani, wakaweka sharti kwamba ziada irudi kwa watoto wao, na maskini wakapata makombo. Tena msimamizi akiharibika, hati yote huwa karatasi tu. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Misri, ameandika kwamba mwaka 1415 katika msikiti wa al-Azhar walikuwamo fukara na wanafunzi wakaazi 750, wakiwamo Waajemi, Wamaghribi na watu wa Zeila ya pwani ya Somalia, kila kundi na ukumbi wake, wakiletewa chakula na fedha na wenye kutaka thawabu. Amiri aliyepewa usimamizi wa msikiti aliamuru watolewe, makasha yao ya vitu yakatupwa nje, na usiku mmoja baada ya isha yeye na watumishi wake wakawavamia waliolala humo, watu wakapigwa na kuvuliwa nguo na vilemba. Aliyefanya hivyo ndiye aliyekuwa na cheo utakachokuwa nacho wewe, cha msimamizi. Sikufananishi naye, Mungu apishe mbali, moyo wako naujua. Lakini na wewe ulijua hali ya yule jirani yetu wa nyumba ya pili, ambayo sina haja ya kuisimulia, na bado ukabonyeza kitufe cha kumrekodi bibi wa watu. Hapo ndipo ninapogombana nawe.

Kwa hiyo ukifika kazini uliza kwanza: ni nani huamua picha zipi zipigwe, na anayekataa kupigwa picha hupewa au hunyimwa? Ukiambiwa hunyimwa, baba, niandikie siku hiyohiyo.

Lingine ni la hapa nyumbani. Umesema mwaka huu zaka ya akiba yako utaniletea mimi. Zaka haipewi mzazi, umesoma chuoni hayo. Kunitunza mimi ni wajibu wako wa kawaida, utoke katika mfuko mwingine. Ipeleke kwa wanaostahiki, na kwa siri. Fedha za tangi la maji nimezipata, fundi amelipwa nusu, nusu atapewa akishalipandisha juu, kwa sababu lile la mwanzo lilivuja na hakurudi. Dada yako anauliza cherehani yake umeiacha kwa nani. Dawa za presha za nyanya yako zinafika mwisho wa mwezi, ukipata za bei nafuu huko mjini mpe dereva wa basi la jioni.

Baba yako anakusalimu, na anasema viatu vyake vyeusi umevichukua.

Mama yako