Kuhusu maneno ya jana usiku juu ya Gaza

Wakubwa shikamooni, wadogo habari za asubuhi.

Jana nilifunga kikundi chetu cha kwenye simu kwa sababu niliona watu wanaopimiana dagaa hapa sokoni Mwaloni kila alfajiri wakiitana magaidi na makafiri. Iliniuma sana.

Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas na wenzao waliua watu wapatao 1,200 Israeli, wakiwemo vijana wetu wawili Watanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Ule ni uovu. Tangu hapo makumi ya maelfu ya Wapalestina wameuawa Gaza, watoto wengi mno, na chakula kikazuiwa kuingia. Huo nao ni uovu, na kuwalilia hawa si kuwasaliti wale. Meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, nani hapa Mwanza aliuliza maiti ni ya msikiti au ya kanisa?

Kosoeni serikali, kosoeni wenye bunduki, dini ya mwenzako iache. Picha za maiti msitume, watoto wanashika simu zetu.

Nafungua kikundi saa kumi jioni. Aliyemtukana yule mama mwenzetu wa kikundi jana ampigie kwanza. Nimeongea naye, anasubiri simu.