Play Store si mlango pekee

Bwana Mhariri,

Nyumba nyingi hapa Lubumbashi zina simu moja tu ya maana. Mchana iko sokoni na mama, jioni iko mikononi mwa watoto. Kwa hiyo ushauri tunaopewa wazazi ili watoto wasipate michezo isiyo ya umri wao, yaani kumfungulia mtoto akaunti yake chini ya Family Link, huduma ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, ni mzuri, ila unamfaa mwenye simu ya kumwachia mtoto.

Kwa simu ya wote, ingia kwenye mipangilio ya Play Store, washa udhibiti wa wazazi, chagua umri, weka namba ya siri. Isiwe mwaka wa kuzaliwa kwako; watoto wanaujua.

Shida kubwa iko kwingine. Mega za intaneti ni ghali, basi vijana wetu wa Katuba na Kenya, wilaya za hapa mjini, hupeana michezo simu kwa simu, kwa Bluetooth au kadi ya memori. Hapo Play Store haiulizwi kitu, na umri uliochagua hauzuii chochote. Tangu Android 8, ruhusa ya kusakinisha programu kutoka nje ya Play Store hutolewa kwa kila programu peke yake: kivinjari, kidhibiti faili, ile ya kutumiana video. Wazazi wazime ruhusa hizo zote, moja moja.

Menyu za simu zetu ni za Kifaransa, na si kila mama anaisoma lugha hiyo. Gazeti lako lingechapisha hatua hizi kwa Kiswahili, pamoja na picha, tungezibandika ukutani.

Mzazi,
Katuba, Lubumbashi