Habari bila mletaji

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, goti nalo limepunguza kuuma.

Juzi uliniuliza kwa nini nimejitoa kwenye kundi la familia, nikakujibu kwamba simu imejaa. Halikuwa jibu la kweli. Nimeona nikuandikie, maana jambo lenyewe ni refu na kwa mdomo ningelikwepa tena.

Unajua bibi yako alivyofariki. Hujui mimi nilivyopata habari. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni nasubiri zamu yangu, simu ikatetema. Nikaifungua nikidhani ni zile salamu za asubuhi zenye picha ya maua, na kweli picha ya maua ilikuwepo. Chini yake palikuwa na mstari mmoja: "Mama ametutoka alfajiri hii." Chini ya mstari huo, mtu ambaye hakuwa ameusoma bado alikuwa ameleta kichekesho. Kisha zikaanza kuingia emoji za machozi, moja baada ya nyingine. Aliyekuwa mbele yangu akasogea hatua moja, nami nikasogea. Nilisogea, mwanangu. Mama yangu amekufa na mimi nalinda nafasi yangu kwenye foleni, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniambia kaa chini kwanza.

Simlaumu aliyeandika. Naye alikuwa amefiwa, na alikuwa na watu arobaini wa kuwaarifu. Angempigia kila mmoja, angelia mara arobaini. Ninachokiwaza tangu siku ile ni namna habari ilivyoachana na mletaji wake.

Zamani, ukiacha ngoma, moshi, njiwa na ishara za kuonekana kwa mbali, habari haikwenda kasi kuliko mtu aliyeibeba, awe kwa miguu, juu ya farasi au ndani ya meli. Aliyeileta alifika na mwili wake. Alikutazama usoni kabla ya kufungua kinywa, akatafuta neno la kuanzia, na akishasema, alibaki. Tarehe 24 Mei 1844 Samuel Morse alituma maneno kwa waya kutoka Washington hadi Baltimore, kilomita 60 hivi, na hakuna aliyesafiri nayo. Mwaka 1858 waya ukavushwa Atlantiki chini ya bahari. Salamu za Malkia Victoria kwa rais wa Marekani, maneno yasiyofika 100, zilichukua saa 16 hivi kupita, na waya wenyewe ukafa baada ya wiki chache. Hata hivyo watu walishangilia mitaani, na siwashangai, maana barua ya meli ilichukua siku kumi na zaidi. Walihesabu siku walizookoa. Mjumbe hakuna aliyemhesabu. Tena wakati wa telegramu bado palikuwa na kijana wa kubisha hodi na kukukabidhi karatasi mkononi. Pengine alikuwa mgeni kabisa, lakini alikuwa mtu, na alikuona ulipokuwa unasoma. Simu ya mkononi imemwondoa hata huyo.

Kuna jambo lingine lililokwenda naye, dogo mno hata ni vigumu kulitaja. Mwaka 2009 watafiti walilinganisha mazungumzo katika lugha kumi za mabara mbalimbali, wakakuta kwamba kati ya swali na jibu hupita kwa wastani kama moja ya tano ya sekunde. Lugha zilitofautiana kidogo sana. Sikio letu limezoea kipimo hicho, ndiyo maana "ndiyo" iliyochelewa kidogo tu tunaijua kwamba ina hapana ndani yake. Sasa jibu linakuja baada ya saa sita, nasi bado tunalipima kwa sikio lilelile. Unakumbuka wewe na rafiki yako mlivyonuniana wiki mbili kwa ujumbe uliosomwa usijibiwe? Kumbe aliufungua huku anaitwa, akasahau. Nilikuona usiku unatazama lile neno "anaandika" likitokea na kupotea, ukitafuta humo uso wa mwenzio.

Nikiwa hapohapo: uliniambia kwamba kwenye simu ya video naonekana mnyonge, nimeinamisha macho. Kamera iko juu ya kioo, na wewe uko chini yake. Nikiitazama kamera utaniona nakutazama, ila mimi sikuoni. Kwa hiyo huwa nachagua kukuona.

Usidhani nautukana wakati wako. Ulipokuwa na miaka kumi na mitano uliniandikia ukiwa chumbani kwako, ukuta mmoja kati yetu: "Mama, nimefeli, naogopa kutoka." Nilisimama mlangoni, mkono juu ya kitasa. Sikukizungusha. Nilirudi, nikakaa kitandani, nikakujibu kwa kuandika, tukaandikiana karibu saa nzima kupitia ukuta ule. Nimejiuliza mara nyingi kama ungeniambia ana kwa ana, na najua usingeniambia. Uso wangu ungefika kabla ya maneno yangu, na uso wangu wa siku zile ulikuwa mkali. Yapo yanayohitaji uso, na yapo ambayo uso huyafungia mlango. Viziwi walipigwa na ukweli huo kabla yetu: simu ilikuwepo tangu 1876 na kwa miaka mingi haikuwa na faida kwao, mpaka yalipokuja maandishi: kwanza mashine za kuandikiana kupitia waya wa simu miaka ya 1960, kisha ujumbe mfupi miaka ya 1990.

Nina deni moja kwako pia. Yule mtangazaji wa video uliyemfuatilia alipoacha kurusha vipindi, ulilia, na mimi nikakuambia hakujui hata jina. Nilikosea kukuambia hivyo. Tangu 1956 wataalamu wawili, Donald Horton na Richard Wohl, walikwisha andika kuhusu watu wanaojenga urafiki wa upande mmoja na sura za televisheni na sauti za redio. Moyo ukisalimiwa kila siku huitika, hata kama anayesalimia anaongea na kamera tu. Nisamehe.

Sasa nikuambie kwa nini sikukasirikia simu yenyewe. Usiku ule wa msiba ulinipigia. Uliniita "Mama" mara moja, ukanyamaza, nami nikanyamaza. Nilisikia ukipumua. Nilisikia maji yakidondoka bombani upande wako na mlango ukifungwa mbali huko. Sijui tulikaa hivyo dakika ngapi. Hukukata. Ulikuwa mbali kuliko watu wote waliotuma machozi siku ile, na ndiye peke yako niliyehisi amefika.

Niongeze tena kwenye kundi, nitarudi. Nazikosa picha za watoto. Ila habari ya namna ile ikitokea tena, nipigie. Hata ikiwa saa nane za usiku. Hata ukiwa hujui utaanzia wapi.

Mama yako