Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msimu wa Skii na Safari ya Machi

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mlioko Burlington na Winooski hapa Vermont, mlioko Manchester, na wenzetu waliohamia Maine ambao bado wanatuma ada zao kila robo mwaka bila kukumbushwa.

Katiba yetu inanitaka nitoe taarifa ya mwaka mzima, nami nitaitoa. Ila sehemu kubwa ya maneno yangu itahusu majuma machache ya mwisho wa msimu, tangu mwishoni mwa Februari hadi Machi. Huko ndiko fedha zenu nyingi zilikokwenda, na huko ndiko lilikotoka swali ambalo nimeulizwa kwenye kamati, kwenye simu na hata msibani: kwa nini chama kiliwalipia nauli na malazi vijana wa kiume ambao hawakuwa na mashindano? Jibu langu ni kwamba hakuna fedha tuliyoitumia vizuri zaidi ya ile mwaka huu, na naomba mnisikilize kwa kirefu.

Nianze na walioingia chamani karibuni. Vyuo vinavyopigania ubingwa wa NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo vya Marekani, vina makocha wa kuajiriwa na bajeti ya chuo. Timu ya vijana wetu iko USCSA, ligi ya skii ya vyuo ambayo timu zake nyingi ni za klabu. Wanafunzi wenyewe ndio wanaopanga safari, wanachanga petroli, wananoa makali ya skii zao usiku na kuzipaka nta kwa pasi. Chuo kinatoa kiasi, kinachobaki kinatoka mfukoni. Chama hiki kilianza kwa wazazi wachache waliotoka Uvira, Bujumbura, Mombasa na Moshi, wakitafutiana viatu vya skii vya mitumba kwa ajili ya watoto wao. Leo tunaisaidia timu nzima, watoto wetu na watoto wa wenzetu, na sioni tena mahali pa kuchora mstari kati yao.

Sasa kanuni, kwa sababu bila kanuni hamtaona nilichokiona. Katika ligi hii timu huingiza watelezaji 5 katika kila mbio, na muda wa 3 bora ndio unaojumlishwa. Slalomu, yaani mbio za kuteremka ukipinda kwenye milango ya nguzo, ina raundi mbili, na njia ya raundi ya pili hupangwa upya. Ukikosa mlango mmoja na usiurudie, basi raundi yako haihesabiki. Kwa hiyo timu yenye msichana mwenye kasi kuliko wote mlimani, lakini wenzake wakaanguka, inarudi nyumbani mikono mitupu. Anayeamua mambo mara nyingi ni yule wa tatu, na wa tatu hajulikani mpaka siku yenyewe.

Mashindano ya kanda, ambako timu hufuzu kwenda mashindano ya taifa, yalifanyika kwenye mlima mmoja wa New Hampshire. Wenye kuijua Februari ya huku wanajua inavyokuwa inapokaribia kuisha: asubuhi barafu ngumu kama kioo, saa saba mchana uji. Waandaaji walimwaga chumvi njiani. Baadhi ya wazazi waliokuja mara ya kwanza walishangaa, kwani barabarani chumvi humwagwa ili theluji iyeyuke. Mlimani huyeyusha chembe za juu tu. Kuyeyuka huko kunavuta joto kutoka kwenye theluji iliyobaki, na ule unyevu unaganda upya ukiwa mgumu zaidi. Kazi hiyo hudumu kwa muda tu. Wenye namba za mbele wanaikuta njia ikiwa sawa, wenye namba za nyuma wanakuta kila kona imechimbika mtaro.

Wavulana walishindana siku ya kwanza. Wawili walimaliza vizuri sana, watatu wakatoka njiani, na ndoto ya taifa ikaishia hapo. Sitaongeza neno, maana walijisema wenyewe vya kutosha usiku ule.

Siku ya pili ilikuwa ya wasichana, slalomu. Raundi ya kwanza wote 5 walimaliza. Raundi ya pili, wawili wa kwanza walifika chini salama. Wa tatu skii zake zilipita huku na huku za nguzo, akafutwa. Wa nne alikuwa akienda vizuri mpaka karibu theluthi ya mwisho, mtaro ukamtupa nje, akaukosa mlango na kusimama hatua kadhaa chini yake.

Hapo naomba mtulie kidogo nami. Kwenye slalomu msichana yule aliruhusiwa kurudi na kuupita mlango alioukosa, mradi asimzuie anayemfuata. Saa inaendelea kukimbia. Alizigeuza skii zake kwa ubavu, akaanza kupanda: mguu wa juu, mguu wa chini, makali yakiuma theluji iliyolowa, fimbo moja ikiwa imemtoka mkononi. Alivaa lile vazi jembamba la mbio na vikinga vya ugoko. Tuliokuwa pembeni tulisikia pumzi yake kabla hatujasikia kitu kingine. Aliufikia mlango, akauzunguka, akateremka hadi mwisho. Muda wake ulikuwa mbaya kupita kiasi, na alijua.

Lakini alikuwa amemaliza. Maana yake timu ilikuwa tayari na muda wa tatu, hata kama ni muda wa mwisho kabisa kwenye orodha. Juu kabisa, kwenye kibanda cha kuanzia, alikuwa amebaki wa tano, binti wa mwanachama wetu wa Winooski, aliyevaa skii mara ya kwanza akiwa na miaka 10 kwa sababu shule yao ilikuwa na siku ya kwenda mlimani. Nahodha wa wavulana alikuwa pale amemshikia koti. Redio ikamwambia nahodha kilichotokea chini. Akamwinamia binti yule akamwambia, muda wa tatu upo, nenda ukapigane. Kama muda wa tatu usingekuwepo, kocha angemwomba ateleze kwa tahadhari, afike tu. Sasa alikuwa huru. Aliteremka kwenye ile mitaro kwa namna ambayo baba yake, aliyesimama kando yangu, aliacha kutazama nusu ya njia.

Alifika. Muda wake ndio uliohesabiwa kuwa wa tatu, na timu ikafuzu kwa tofauti isiyofika sekunde 1. Ule mwingine, wa msichana aliyepanda mlima, haukuingia kwenye hesabu yoyote. Ukisoma karatasi ya matokeo hutauona umuhimu wake. Ndugu wanachama, mimi nasema ndio uliotupeleka mashindano ya taifa.

Naomba mkumbuke pia yule nahodha aliyeshika koti. Timu yake ilikuwa imetolewa jana yake. Wavulana wale waliamka kabla ya jua, wakapanda na lifti ya kwanza, wakashuka kwa ubavu njia nzima, mmoja nyuma ya mwingine, kusukuma theluji iliyolegea itoke kwenye mstari wa mbio. Wakarudia kati ya raundi. Wengine walisimama kwenye milango kama waamuzi wasaidizi. Watelezaji huanza wakiwa na vazi jembamba, kwa hiyo mtu lazima abaki juu akusanye makoti na suruali za kuzuia baridi, azibebe mgongoni na kuteremka nazo hadi mwisho ili mwenzake asigande akisubiri matokeo. Kazi hiyo haina namba kifuani, haina muda.

Ndipo tulipofika kwenye uamuzi wa kamati. Wasichana wamefuzu, mashindano ya taifa yako kwenye mlima wa Whiteface, karibu na Lake Placid, jimbo la New York, upande wa pili wa Ziwa Champlain. Mweka hazina alileta hesabu mbili: moja ya wasichana 5 na kocha, nyingine ya timu nzima. Tulibishana hadi usiku. Wajumbe waliopinga walikuwa na hoja nzito, kwamba fedha ya wanachama wanaofanya kazi zamu mbili haifai kumpeleka mtu kutazama. Nilijibu kwamba hawaendi kutazama. Tulipiga kura, hesabu ya pili ikapita, na kila aliyepinga alichangia chakula cha safari. Nawashukuru kwa moyo huo.

Tulivuka kwa kivuko cha Grand Isle asubuhi ya mapema, mabamba ya barafu bado yakielea ziwani. Mzee wetu wa Eldoret, aliyeamua kuja kwa gharama yake, aliwasimulia vijana habari za Philip Boit, Mkenya aliyeshiriki mbio za kilomita 10 za skii za nyanda, zile za masafa badala ya kuteremka mlima, kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Boit alikuwa wa mwisho, nafasi ya 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho kwa takriban dakika 20 ili amkumbatie, na baadaye Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Vijana wetu wengi walikuwa hawajazaliwa wakati huo. Msichana yule aliyepanda mlima aliuliza maswali mengi kuliko wengine wote.

Whiteface ni mlima mkubwa. Mbio za skii za milimani za Olimpiki ya 1980 zilifanyika pale, na Ingemar Stenmark wa Sweden alishinda dhahabu zote mbili, slalomu na slalomu kubwa, ile ambayo milango yake imeachana zaidi. Barafu yake ina sifa yake, na vijana waliikuta. Wavulana waligawana kazi bila kuambiwa: wawili walikaa kutwa kwenye chumba cha kufulia cha nyumba tuliyokodi, wakakigeuza karakana, pasi ya nta upande huu na tupa za kunolea upande ule, mmoja akasimama katikati ya njia na redio kupeleka juu habari za kila kona, nahodha makoti. Asubuhi ya slalomu kubwa kulikuwa na ukungu, na msichana wetu wa pili kuanza alipita mlango wa kona mbaya kwa sababu tu redio ilikuwa imemwambia theluji imechimbika upande wa kushoto. Kocha alisema hivyo mwenyewe.

Wasichana hawakupanda jukwaani. Walimaliza katikati ya orodha, mbele ya timu ambazo zina fedha nyingi kuliko zao. Sitawapamba matokeo. Lakini wote 5 walimaliza raundi zote za slalomu, jambo ambalo timu kadhaa zilizokuwa mbele yetu kwa kasi hazikuliweza, na hatukulazimika kumtegemea mtu kupanda mlima.

Chakula lazima nikitaje. Akina mama wa kamati walipika pilau Whiteface kwa siku zote za mashindano, na chapati zikapelekwa mlimani zimefungwa kwa taulo ndani ya boksi la kuhifadhia joto. Vijana wa timu nyingine mbili walizoea kuja kwenye meza yetu. Siku ya mwisho timu moja ilileta skii za akiba na kumwachia binti wetu ambaye zake zilikuwa zimevunjika makali. Nimewaandikia barua ya shukrani kwa niaba yenu.

Mambo mengine kwa ufupi. Mnada wa viatu na makoti ya mitumba wa Oktoba ulikwenda vizuri, na taarifa ya mweka hazina inaonyesha kila senti. Gari tulilokodi Januari liliharibika njiani usiku kwenye baridi kali. Kampuni ile hatutaitumia tena, na kamati ya usafiri imepata nyingine. Darasa la Jumamosi la watoto wadogo lina watoto wengi kuliko watu wazima wa kuwasimamia, nahitaji wazazi wa kujitolea, hata asiyejua skii, kwani kufunga viatu na kupangusa pua si kazi ya bingwa. Wanachama wawili wametangulia mbele ya haki mwaka huu, na familia zao zimepokea rambirambi kama katiba inavyosema.

Sasa ombi langu la msingi kwa mkutano huu. Kuna pendekezo mezani kwamba kuanzia msimu ujao mfuko wa Machi uwe wa waliofuzu peke yao, na fedha inayobaki inunulie skii mpya wawili wenye kasi zaidi. Nimelisoma kwa heshima, na nalipinga. Skii mpya zitamsaidia mmoja kupata sehemu ya sekunde. Pale Woodstock, hapa hapa Vermont, kabla ya kamba ya kwanza ya kuvuta watelezaji kupanda mlima nchini Marekani kufungwa mwaka 1934, kila mteremko ulilipiwa kwa miguu, na watu walipanda pamoja. Kwenye timu ya klabu bado iko hivyo: kuna anayelainisha njia, kuna anayenoa, kuna anayebeba koti, na mwaka huu wasichana walifuzu kwa tofauti isiyofika sekunde 1. Siwezi kuwaambia ni mkono wa nani ulioleta sehemu ile ya sekunde, kwa hiyo siwezi kuwaambia ni nani tumwache nyumbani.

Napendekeza badala yake mfuko wa Machi ubaki wa timu nzima, wavulana na wasichana, na uongezwe kwa kiasi ambacho mweka hazina amekiandika katika ukurasa wa tatu wa taarifa yake. Mwenye hoja tofauti ataisema kabla ya kura, na atasikilizwa.

Nahodha mpya wa wasichana amechaguliwa na wenzake. Ni yule msichana aliyepanda mlima. Atakuwa nasi mkutanoni kujibu maswali kuhusu ratiba ya mazoezi ya Desemba, na ameomba wenye vyumba vya chini vyenye umeme wa kutosha kwa pasi za nta wajiandikishe kwa katibu kabla ya mwisho wa Septemba.

Wenu,
Mwenyekiti