Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Majadiliano ya Siasa

Ndugu wanachama,

Mikutano ya kila mwezi, semina ya vijana na uchaguzi wa mhazini vilifanyika kama mnavyojua, nami sitavirudia. Kati ya wanachama 64, waliolipa ada ni 23. Makusanyo yalikuwa shilingi 460,000 na matumizi shilingi 515,000, na pengo hilo nililiziba mimi mwenyewe.

Nalazimika kueleza kwa kirefu uamuzi uliolalamikiwa, yaani kijitabu chetu kuhusu jimbo la West Bengal nchini India, kinachosema kwamba Muungano wa Mrengo wa Kushoto, yaani vyama vilivyoongozwa na Wakomunisti na kulitawala jimbo hilo, uliangushwa mwaka 2011 na suala la ardhi. Baadhi yenu mnadai kuwa niliyalazimisha maoni yangu, na kwamba kilichoamua ni chama cha upinzani cha Trinamool, cha Mamata Banerjee, kuungana na chama cha Congress. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa, kura za wapinzani zikiwa hazikugawanyika, watawala walipata takriban asilimia 41 ya kura lakini wakaambulia viti 62 kati ya 294. Hata hivyo, haielezi ni kwa nini muungano uliotwaa viti 235 mwaka 2006 ulikataliwa vijijini katika muda mfupi namna hiyo.

Vijiji hivyo ndivyo vilivyouweka madarakani tangu 1977, kwa sababu serikali ya Jyoti Basu, waziri kiongozi wa jimbo wakati huo, iliwaandikisha zaidi ya wakulima milioni moja waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, ili wasifukuzwe ovyo. Mkulima aliyeandikishwa hakuhitaji kuhubiriwa siasa. Kisha serikali ya muungano ule ule, chini ya mrithi wake Buddhadeb Bhattacharjee, ikatwaa ekari 997 huko Singur kwa ajili ya kiwanda cha magari cha kampuni ya Tata, zikiwemo za wenye mashamba waliokataa fidia. Huko Nandigram, eneo jingine la vijijini jimboni humo, habari za ardhi kutakiwa kwa viwanda vya kemikali zilipoenea, wanavijiji walizichimba barabara zao wenyewe ili magari ya polisi yasipite. Tarehe 14 Machi 2007 polisi waliingia, wakafyatua risasi, na watu 14 wakapoteza maisha. Mwaka 2008, kabla ya muungano rasmi na Congress, Trinamool iliitwaa halmashauri ya wilaya ya Purba Medinipur, ilimo Nandigram. Hapo ndipo nilipoegemea, na ndipo ninaposimama hadi leo. Mwaka 2011 Buddhadeb mwenyewe alishindwa kukitetea kiti chake cha ubunge wa jimbo, cha Jadavpur.

Hoja hizi nilizisoma ukumbini ukurasa kwa ukurasa mbele ya wanachama 11, viti vilivyobaki vikiwa vitupu, na wengi wa walioandika malalamiko hawakuwapo. Jambo hilo liliniumiza kuliko malalamiko yenyewe.

Mwaka ujao tunatarajia, fedha zikiruhusu, kuutazama uchaguzi wa jimbo jingine, na huenda tukapata ukumbi ulio karibu zaidi na kituo cha daladala. Mhazini atapokea ada mlangoni baada ya mkutano huu.

Naomba kuwasilisha.