Mkopo wa karo ya uzamili: tazama riba inavyohesabiwa

Kwa Mhariri,

Walimu na wauguzi kadhaa hapa Malindi husomea uzamili wikendi huku wakiendelea na kazi, na karo huitolea kwenye mkopo wa sacco. Wengi huuliza asilimia tu. Chukua shilingi 120,000 za miezi 12, riba asilimia 1 kwa mwezi. Ikitozwa kwa salio linalopungua, ukirejesha 10,000 za mkopo wenyewe kila mwezi, riba yote ni 7,800. Ikitozwa kwa kiasi cha mwanzo hadi mwisho, ni 14,400. Na kwenye fomu asilimia ni ileile! Mwambie afisa wa mikopo akuchapie jedwali la marejesho kabla hujatia saini.

Halafu kuna hati ya mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote yapite thuluthi mbili za mshahara. Aliyekwisha kukopea kiwanja au pikipiki hukwama katikati ya masomo. Kopa muhula kwa muhula. Karo ya mwaka mzima ikikaa kwenye simu huishia harusini.

Tasnifu ndiyo husahaulika. Madarasa yakiisha, vyuo vingi huendelea kudai ada ya usajili hadi siku ya utetezi, na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, nacho hulipiwa. Mwenye zamu za usiku akichelewa kukusanya data, hulipia mihula ambayo hakukanyaga darasani.

Mhasibu wa chama cha ushirika,
Malindi